Mtoto Asigeuzwe Mkalimani: Niliyojifunza Nikifundisha Kiingereza Nyumba ya Wakimbizi

Ukijitolea kufundisha Kiingereza familia ya wakimbizi, utakabidhiwa kitabu cha wanaoanza. Kifungue kabla hujaenda. Somo la kwanza ni jina lako nani, unatoka wapi. La pili: una ndugu wangapi, baba yako anafanya kazi gani. La tatu ni nyumba: ina vyumba vingapi, bustani iko mbele au nyuma. Mbele kidogo unakutana na likizo, mlikwenda wapi na mlikwenda na nani.

Maswali hayo yamewekwa mwanzo kwa sababu ni mepesi. Mepesi kwa nani? Ndugu wangapi, walio hai au wote? Nyumba ipi, hii ya kupanga au ile ambayo hawajui kama bado imesimama? Mtu aliyeondoka kwao usiku ataulizwaje habari za safari yake ya mwisho, eti ili mwalimu ahakikishe ameshika vitenzi vya wakati uliopita?

Niliyaruka yote. Tulianza na saa, tarehe, namba za simu na vitu vilivyokuwa mezani, vile vya kushika. Kama wangetaka kunisimulia ya kwao, wangesimulia siku wanayoitaka wenyewe. Watu hawa wamehojiwa mno. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataka mtu awe na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, kundi la jamii analotoka au msimamo wake wa kisiasa, na hofu haionekani kwa macho, lazima ielezwe. Inaelezwa kwa ofisa huyu, kisha kwa yule, kupitia kinywa cha mkalimani, na maelezo ya leo yanalinganishwa na ya mwaka jana. Wanaohamishiwa nchi ya tatu, yaani isiyo kwao wala ile waliyokimbilia kwanza, kwa mpango rasmi hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi mia kwa mwaka, kwa hiyo familia iliyofika kwa njia hiyo imeshakaa mbele ya meza nyingi. Mwalimu wa Kiingereza asiwe meza nyingine.

Niliowafundisha walikuwa baba, mama, bibi mzaa baba, binti wa sekondari na mdogo wake wa kiume aliyekuwa shule ya msingi. Nchi yao siitaji, na mambo mengine madogo nimeyaficha makusudi. Inatosha kusema kwamba kwao wanaandika kwa herufi za Kiarabu.

Watu hudhani ugumu wa hapo ni kuanza kuandika upande wa kushoto. Hilo walilizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Namba ndizo zilizotutoa jasho. Katika tarakimu walizokulia nazo, tano ni kiduara kinachofanana na sifuri ya hizi tunazotumia, na sifuri yenyewe ni nukta tu. Sita yao ukiitazama haraka utasema ni saba. Baba alijua namba zote mbili, za kwao na za huku, lakini akiwa na haraka, simu sikioni, mkono ulijiandikia zile za utotoni. Matokeo yake ni namba ya simu isiyopatikana, au miadi ya tarehe tano inayosomwa kesho yake kama kitu kisichoeleweka. Tarehe nazo zina kisa chao: 4/5 ni tarehe nne mwezi wa tano kwa wengine, na tarehe tano mwezi wa nne kwa Wamarekani. Tukakubaliana kwamba katika nyumba ile mwezi utaandikwa kwa jina, basi.

Halafu kuna tarehe ya kuzaliwa. Baba amezaliwa tarehe 1 Januari. Mama pia. Bibi pia. Ni jambo la kawaida sana kwenye karatasi za wakimbizi: mtu asipokuwa na cheti, au siku yenyewe haijulikani, anaandikiwa siku ya kwanza ya mwaka na mambo yanaendelea. Usicheke, na usimwulize darasani tarehe ya kweli ni ipi. Anachohitaji ni kuitaja hiyo iliyo kwenye karatasi bila kusita, maana karani akimwona anasita ndipo maswali yanapoanza.

Kwenye majina msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka kuliko Mwingereza. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Mke haachi la kwao. Fomu ya Kiingereza inataka jina la ukoo, moja, la nyumba nzima, na hapa mume na mke hawakuwa na hata jina moja la pamoja. Isitoshe, kila karatasi ilijazwa na mtu aliyeandika alivyosikia. Tulitengeneza kadi moja kwa kila mtu, yenye jina lililoandikwa kama lilivyo kwenye hati kuu, kisha tukafanya mazoezi ya kulitaja herufi kwa herufi. Hapo nilikuwa na faida ambayo wenzangu waliozaliwa na Kiingereza hawana. Najua kwamba A inasomwa "ei", E inasomwa "i" na I inasomwa "ai", na najua jinsi jambo hilo linavyoudhi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijifunza lugha hii nikiwa na irabu zangu tano za Kiswahili, nikazikuta za kwao zinakaribia ishirini. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale kwamba Kiingereza ni rahisi. Wapo walimu wa kujitolea wanaosema hivyo kwa nia ya kutia moyo. Mwanafunzi anayeambiwa kitu ni rahisi na kikamshinda, anajihesabu mjinga.

Lakini hayo yote ni ya pembeni. Kilichonifanya nibadili mpango mzima wa masomo ni yule binti.

Alikuwa ndiye mkalimani wa nyumba. Barua ikiingia anaipokea yeye. Simu ikilia anapewa yeye. Siku ya miadi ya bibi hospitalini hakwenda shule, na siku ya miadi ya mama vilevile. Alizungumza na mwenye nyumba kuhusu bomba lililokuwa likivuja, na mwenye nyumba akamwambia mwite mtu mzima, akajibu kwamba mtu mzima ni yeye. Alilisema hilo kwa fahari, mbele ya baba yake, na baba hakuelewa lililosemwa.

Siku moja niliona akiwasomea wazazi barua ya ofisi fulani. Ilijaza ukurasa mzima. Alipoitafsiri ilikuwa sentensi moja. Nilikuwa nimekaa karibu naye, maandishi nayaona: ombi la msaada wa kodi limekataliwa, na kuna muda maalumu wa kukata rufaa. Aliwaambia wazazi kwamba wanatakiwa kusubiri kidogo. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtoto aliyemwona mama yake akikosa usingizi, akaamua kumpunguzia. Baadaye, tukiwa wawili, nilimwuliza kama niwaeleze wazazi ile sehemu ya rufaa kwa njia ya mkalimani wa shirika lililonituma. Alikaa kimya, akakubali, akaniomba nisiseme kwamba yeye aliijua.

Tangu hapo nilianza kuangalia kwa jicho lingine. Kuna mambo mama hawezi kumwambia daktari akiwa amekaa na binti yake, sembuse mwanawe wa kiume. Kuna habari ambazo mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kuzijua. Baba naye alikuwa ameanza kumwomba binti ruhusa: kama anaona inafaa waende, kama anaona inafaa walipe. Mamlaka ya nyumba yalikuwa yamehamia kwa yule aliyeshika lugha, na mwenyewe alikuwa na mtihani wa hesabu wiki ile.

Kwa hiyo niliweka kitabu kando. Lengo likawa moja: wazazi waweze kuanza mazungumzo yao wenyewe na kuyasimamisha. Nasema kuanza na kusimamisha, sisemi kuyaendesha yote. Kuna vipimo vya lugha vilivyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, na vinatumika karibu kila mahali. Ngazi ya chini kabisa, A1, inamweleza mtu anayeweza kuzungumza kwa njia rahisi iwapo mwenzake anasema taratibu, kwa ufasaha, na yuko tayari kumsaidia. Soma hayo masharti tena. Karani wa mapokezi hajayasoma. Mwanafunzi wa A1 akikutana na mtu asiye na subira, A1 yake haipo tena. Basi jambo la kwanza la kumfundisha ni namna ya kumlazimisha mwenzake atimize masharti hayo.

Tulifanyia kazi sentensi chache mno, lakini kila siku. Kuomba mtu arudie. Kuomba aseme taratibu. Kusema sijaelewa, tena kwa sauti ya kawaida, bila kuinamisha kichwa na bila kuomba radhi. Kuomba aandike. Kuomba muda wa kufikiri kabla ya kutia sahihi. Kusema hapana, asante. Na moja waliyoikariri neno kwa neno, kwa Kiingereza chake kamili: "I need an interpreter, please." Katika nchi nyingi zinazopokea wakimbizi, hospitali na mahakama zina wakalimani wa kulipwa, wengine kwa simu, ila mara nyingi hutawapata usipowaomba. Mtoto akiwa amesimama pale anajua lugha, nani atajisumbua kumtafuta mkalimani?

Darasani mimi nilikuwa karani mkorofi. Nilisema haraka, nilimeza maneno, niligeuka kutazama karatasi nikiwa naongea. Mama alikuwa mwepesi wa michezo hii. Alinikatiza katikati ya sentensi, akainua kiganja, akaniambia nirudie. Bibi akacheka hadi machozi. Baba hakupenda. Kumkatiza mtu mwenye kazi yake ofisini aliona ni utovu wa adabu, na haikuwa kazi yangu kumwondolea adabu yake. Tulitafuta njia ya kukatiza kwa heshima, kwa kuanza na samahani na kutaja cheo cha mtu, na hiyo akaikubali.

Simu ilikuwa ngumu zaidi. Kwenye simu hakuna uso wala mikono, na nusu ya lugha ya mtu anayeanza imo kwenye uso na mikono ya mwenzake. Nilikuwa nakwenda chumba kingine, nafunga mlango, nampigia baba. Mwanzoni alikata. Kisha akawa anapokea, ananisikiliza, anasema ndiyo kwa kila kitu. Hiyo ndiyo "ndiyo" ya hatari. Nikaanza kumwuliza mambo ya uongo kusudi: wewe ni daktari wa meno, sivyo? Unataka kuuza gari lako? Akajikuta ameuza gari asilonalo, na tangu hapo akawa anasikiliza kabla ya kujibu.

Baba kwa ujumla alinifundisha subira. Kwao alikuwa fundi umeme mwenye vijana chini yake, mtu wa kuulizwa na kuamua. Sasa anaulizwa rangi ya kalamu. Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba mtu mwenye hofu au aibu anaweza kuisikia lugha siku nzima isimwingie, na kwamba wengi hupitia kipindi cha ukimya ambacho si uvivu. Nililijua hilo kwa maandishi. Kukaa mezani na mtu mzima aliyenyamaza, mkewe akisonga mbele na mama yake mzazi akitazama, ni kitu kingine.

Kilichomtoa ni swichi mbovu ya ukumbini. Nilimwomba anionyeshe inavyobadilishwa, nikamwambia safari hii mimi ni mwanafunzi na yeye aniamrishe kwa Kiingereza. James Asher, mwanasaikolojia, tangu miaka ya 1960 alitetea kufundisha lugha kwa amri na vitendo: anayefundisha anasema, anayejifunza anatenda, kuongea kutafuata. Sisi tuliigeuza. Zima. Ngoja. Pima kwanza. Shika hapa. Hapana, siyo huo, huu. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Neno likimpotea aliashiria, nami namtajia, naye analirudia mara moja na linabaki. Tangu siku ile masomo yake yalikuwa ya waya, soketi, fyuzi na tahadhari. Sarufi tuliipitia humohumo. Ukiwa na mwanafunzi mwenye ufundi, anza na ufundi wake, hata kama mwalimu haujui. Hasa kama haujui.

Bibi nitamsema kwa ufupi kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka mambo mengi. Hakuwahi kushika kalamu katika lugha yoyote, na shirika lilipenda aanze kusoma. Yeye alitaka kumsalimu jirani wa mlango wa pili, kujua namba ya basi lake na kuhesabu chenji. Sikio lake lilikuwa kali kuliko ya wote. Tuliacha kalamu. Aliyesoma kwao huwa na ngazi ya kupandia lugha mpya. Asiyesoma hupitia masikio, na masikio yanatosha kwa mtu mwenye shughuli kama zake.

Binti, kwa upande wake, kila mtu alimwona amemaliza. Anaongea na wenzake bila shida, anatania, anatukana kidogo. Walimu wake walishangaa akipata alama za chini katika insha za sayansi na historia. Hapo si pa kushangaa. Jim Cummins wa Kanada alitenganisha mambo haya mawili tangu 1979: lugha ya maongezi mtoto huishika ndani ya miaka kama miwili, lakini lugha ya masomo humchukua mitano au zaidi. Binti huyu alikuwa na ile ya kwanza, na kwa sababu ya hiyo nyumba nzima ilimpa kazi ya wakili, muuguzi na mhasibu, saa zilezile ambazo angejenga ile ya pili. Nilimwambia mratibu wangu kwamba kama kuna saa moja ya ziada ya mtu wa kujitolea, apewe yeye, ya insha. Akapata.

Kuna mipaka pia, na nataka niiseme bila maua. Mtu wa kujitolea si mwanasheria wa uhamiaji. Ukiulizwa kuhusu kesi, peleka kwa anayehusika, hata kama unadhani unajua jibu, kwa maana jibu lako lisilo sahihi linaweza kumgharimu mtu hadhi yake. Usipige picha. Usiwasimulie kwa majina kwenye mitandao, hata kwa nia ya kuwasifu. Waliowafanya wakimbie nao wanazo simu. Usibaki peke yako na watoto, na ukitakiwa upekuliwe rekodi zako polisi kabla ya kuanza, usione umetukanwa. Na usiahidi muda ambao huna. Nyumba kama hizi zimeshaachwa na watu wengi wa mara moja.

Mabadiliko yalipokuja hayakumpendeza kila mtu. Siku baba alipopiga simu shuleni kueleza kwamba mwanawe anaumwa na hatafika, mtoto mwenyewe alinyoosha mkono aichukue simu, na baba akamzuia akaendelea. Mama alikwenda kwa daktari akaomba mkalimani kwenye mapokezi, wakampigia mmoja kwa simu, na alichozungumza na daktari hakuna aliyekijua nyumbani. Mimi nilifurahi. Binti hakufurahi. Alikuwa amezoea kujua kila kitu: kodi imelipwa au bado, bibi ana ugonjwa gani, ofisi imesema nini. Sasa barua zilikuwa zinafunguliwa yeye akiwa shuleni. Alinilalamikia waziwazi kwamba nimewafundisha wazazi wake kumficha.

Sikumjibu, kwa kuwa sikuona kwamba ni mimi wa kujibu. Jioni hiyohiyo bahasha mpya ilikuwa mezani, imeshapasuliwa. Binti aliinyakua aisome. Mama akaitoa mkononi mwake, akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, neno baada ya neno, kwamba ni bili ya maji, imeshalipwa, na yeye arudi kwenye hesabu zake. Binti akamsahihisha kitenzi kimoja. Mama akakirudia sawasawa, na barua hakuirudisha.